Mchanga, mwezi na kiuno: shajara ya wiki kumi na tatu ufukweni Shela, Lamu

Mfungo Mosi, tarehe 8

Jana tumemaliza kufunga sita za baada ya Ramadhani, na leo alfajiri tumeanza. Tuko wawili tu, mimi na wifi yangu. Tuna mizani moja, tepu ya fundi cherahani, simu ya kuhesabia dakika na daftari hili. Tulivaa suruali za pamba chini ya buibui, tukafunga leso viunoni, tukatoka mara tu baada ya sala, kabla vijana wa mashua hawajateremka ufukweni.

Swali letu ni moja. Wifi aliwahi kukaa Mombasa miaka mitatu, na huko akienda chumba cha mazoezi. Kwenye mashine ya kukimbilia palikuwa na chati ya rangi iliyomwonyesha kwamba mapigo ya moyo yakiwa ya chini yumo kwenye "eneo la kuchoma mafuta", na akiongeza kasi anatoka humo. Tangu hapo anaamini mwendo wa pole ndio unaoondoa tumbo, na mbio ni za moyo tu. Mimi nafundisha sayansi shule ya msingi, na walimu wenzangu huniambia kinyume chake: kimbia mpaka ukate pumzi, mafuta yatayeyuka hata ukiwa umelala. Mmoja wao amekosea, au wote.

Sababu ya kutaka kujua si urembo. Mavyaa anaumwa sukari, mwaka wa kumi na moja huu, na mguu wake wa kushoto umepoteza vidole viwili. Wifi ni binti yake wa kumzaa. Mamangu mimi alifariki kwa maradhi hayo hayo. Leo kiuno changu ni sentimita 97, cha wifi 88. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke akipita sentimita 80 hatari inaanza kupanda, na akipita 88 imepanda sana. Wifi amesimama juu ya mstari wenyewe, mimi nimeshauvuka kitambo.

Mpango: wiki sita za kwanza mimi naenda mwendo wa kadiri, dakika 45, siku tano kwa wiki. Wifi anafanya vipande vya kasi, siku tatu kwa wiki. Kisha tunabadilishana. Chakula hatubadili kwa makusudi. Kabla ya kuanza tulipimwa presha sote wawili kwenye kituo cha afya, na yangu, 138 kwa 88, nimeahidi kuirudia kila mwezi.

Vipimo vya leo. Mimi: kilo 78.4, kiuno 97, mapigo ya kupumzika 80. Wifi: kilo 71.0, kiuno 88, mapigo 76. Halafu kilomita mbili za mchangani, kila mtu kwa nguvu zake zote: mimi dakika 21 na sekunde 40, wifi 19 na 30. Yeye alikwenda mchakamchaka nusu ya njia. Mimi nilitembea kwa haraka tu.

Mfungo Mosi, tarehe 13

Kuhesabu mapigo tumeshakujua: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, sekunde 15, zidisha mara nne. Upeo wa moyo tunaukadiria kwa 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Mimi nina miaka 44, napata 177. Wifi ana 39, anapata 181. Ile kanuni ya zamani ya 220 kutoa umri inaleta karibu yale yale kwa umri wetu, ila kwa wazee huwakadiria chini mno. Mwendo wa kadiri ni kati ya asilimia 64 na 76 ya upeo, kwa hiyo mimi natakiwa nibaki baina ya 113 na 135. Wifi kwenye vipande vyake anatakiwa agonge asilimia 90, yaani 163 kwenda juu.

Vipande vyenyewe ni mtindo uliochunguzwa Norway, matokeo yake yakachapishwa 2007: dakika nne za kasi kubwa, dakika tatu za mwendo wa pole, na kurudia mpaka vitimie vinne. Ukiweka dakika kumi za kupasha mwili mwanzoni na tano za kutulia mwishoni, asubuhi yake yote ni dakika 40. Kwa wiki yeye anatumia dakika 120, mimi 225. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu mwenye watoto wa kuandaa na mashua ya kuwahi.

Siku ambazo sitaki kusimama na kuhesabu, natumia kipimo cha sauti. Nikiweza kuzungumza lakini kaswida haitoki mpaka mwisho wa ubeti, niko kwenye mwendo wa kadiri. Kaswida ikitoka yote, nimelegea. Maneno yakianza kukatika moja moja, nimepita. Sisi watu wa Lamu tumelelewa na Maulidi, kaswida tunazo za kutosha kupimia.

Mfungo Mosi, tarehe 21

Nimekaa na vitabu vyangu juzi na jana kwa ajili ya ile chati ya Mombasa, kwa sababu wifi ana haki ya kupewa jibu lililo kamili.

Chati haikusema uongo. Mwili una matangi mawili ya kuni: mafuta, ambayo ni mengi sana hata kwa mtu mwembamba, na wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, unaoitwa glikojeni, ambao ni kidogo na unawaka upesi. Ukitembea, sehemu kubwa ya nguvu inatoka kwenye mafuta. Kadiri unavyoongeza kasi, mwili unahamia kwenye wanga, kwa sababu mafuta hayawezi kutoa nguvu kwa haraka inayotakiwa. Mwaka 1993 watafiti waliwapima waendesha baiskeli waliozoea mazoezi kwa viwango vitatu: asilimia 25, 65 na 85 ya uwezo wao wa kutumia oksijeni. Mafuta yaliyochomwa kwa dakika yalikuwa mengi zaidi kwenye ile 65, na kwenye 85 yakashuka.

Hapo ndipo watu wengi hufunga kitabu. Lakini waliopimwa walipimwa wakiwa juu ya baiskeli. Aliyekimbia akamaliza wanga wake, akirudi nyumbani mwili unatumia chakula kujaza lile tangi la wanga, na kwa saa zilizobaki unachoma mafuta zaidi. Aliyetembea akachoma mafuta, tangi lake la wanga halikupungua sana. Mwili haufungi hesabu zake ufukweni saa moja asubuhi. Kinachoamua mafuta yamepungua au la ni jumla: umetumia nguvu ngapi na umekula nguvu ngapi, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki.

Nilimsomea wifi haya tukiwa tunachambua mchele. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wifi, ile chati ilinipotezea miaka mitatu." Nikamwambia hapana, alikuwa akitembea, na kutembea si kupoteza.

Na wale walimu wangu wa "utachoma hata ukilala"? Nao wana punje ya ukweli. Baada ya mbio kali mwili unaendelea kutumia oksijeni zaidi ya kawaida kwa muda. Lakini nguvu zinazotumika hapo ni kiasi cha asilimia 6 hadi 15 ya zile ulizotumia kwenye zoezi lenyewe. Zoezi likiwa la kilokalori 200, hiyo nyongeza ni kati ya 12 na 30. Kijiko kimoja au viwili vya sukari kwenye chai vinaimeza.

Mfungo Pili, tarehe 2

Siku mbaya. Ni wiki ya nne inaingia, tukapima tena kilomita mbili ili tuone tumefika wapi. Mimi dakika 24 na sekunde 5. Wifi 20 na 50. Sote tumerudi nyuma, na yeye, ambaye kila baada ya siku mbili anakimbia mpaka uso unabadilika rangi, amerudi nyuma kwa dakika nzima na zaidi.

Aliketi juu ya mchanga, akavua raba, akasema hataki tena. Sikumlaumu. Nilihisi donge kooni, kwa sababu ni mimi niliyemwambia atapata nguvu. Tukarudi nyumbani kimya. Mavyaa alikuwa barazani. Nilimshika mkono nikamwamkia, akaitika, akatutazama nyuso zetu, na hakuuliza chochote.

Mfungo Pili, tarehe 4

Jibu limetoka kwa mavyaa. Jana jioni nilimweleza, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mwanangu, mara ya kwanza mlipima mwezi ngapi?" Nikamwambia nane. "Na mara ya pili?" Mbili. Akatikisa kichwa. "Mwezi nane maji mafu. Mwezi mbili bamvua. Mchanga ule si mmoja."

Mumewe alikuwa nahodha wa jahazi. Mambo haya aliyaishi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ni ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana. Hapa kwetu siku hizo yanajaa mnamo saa 10 alfajiri, na yanapwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Sisi tunatoka saa 12. Maji bado yako juu, yamekula ufuko wote mgumu, na kilichobaki kwa kukimbilia ni ule mchanga mkavu mlaini chini ya vilima, unaomeza mguu hadi kifundoni. Kwenye maji mafu, mwezi saba, nane, au ishirini na mbili, ishirini na tatu, maji hayapandi sana, na saa 12 asubuhi ufuko wa mchanga mgumu uko wazi, mpana kama barabara.

Nilirudi kwenye daftari nikatafuta mapigo niliyoandika kila siku. Yote yamo humo, ila sikuyaona. Mwendo ule ule wa kilomita moja kwa dakika 12: tarehe 9 ya Mfungo Mosi mapigo 118, tarehe 15 mapigo 141, tarehe 22 mapigo 119, juzi 143. Mimi nilidhani ni usingizi mbaya, au joto, au siku zangu. Ilikuwa ni mchanga.

Na hili nalo limepimwa. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba kutembea juu ya mchanga kunataka nguvu mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea mahali pagumu kwa mwendo ule ule, na kukimbia mara 1.6. Kwa hiyo kwa siku kadhaa za kila bamvua mimi nilikuwa natoka kwenye mwendo wa kadiri na kuingia kwenye zoezi kali bila kujua, huku saa ya simu ikiniambia ninakwenda polepole. Ukali wa zoezi haukai miguuni, wala kwenye kilomita. Unakaa kwenye moyo na pumzi, na mchanga, joto na upepo vyote vinauongeza bila kumwomba mtu ruhusa.

Kanuni mbili mpya. Kilomita mbili tutazipima maji mafu peke yake. Na kila siku tutafuata mapigo, si mwendo: mchanga ukiwa mlaini, mimi nitapunguza hatua mpaka nirudi chini ya 135.

Wifi amekubali kuendelea. Alinijibu tu, "Kesho nigongee dirisha."

Mfungo Pili, tarehe 9

Masika. Siku mbili hatukutoka. Leo tumetoka kwenye manyunyu, dakika 45 zangu zimetimia.

Mfungo Pili, tarehe 14

Kuhusu mizani. Ni ya aina ile inayokuonyesha uzito na pia asilimia ya mafuta ya mwili, tuliagiza Mombasa. Jumamosi wifi alitoka kwenye vipande vyake, akapanda juu yake akiwa bado anatiririka jasho, ikamwambia mafuta yameongezeka kwa asilimia 3 tangu juzi. Haiwezekani. Asilimia 3 ya mwili wake ni kilo mbili na zaidi za mafuta, kwa siku mbili.

Mizani hii haioni mafuta. Inapitisha umeme mdogo sana kutoka unyayo mmoja hadi wa pili na kupima umezuiwa kiasi gani. Maji na misuli hupitisha umeme vizuri, mafuta hupitisha vibaya. Ukiwa umekauka, umeme unapata shida, na mizani inadhani umenenepa. Maana yake ni kwamba anayefanya zoezi kali akaja kupanda na jasho lake, anahukumiwa kwa maji aliyopoteza. Ukinywa maji mengi muda mfupi kabla ya kupima, hesabu yake inaharibika pia. Na sisi wanawake kuna wiki katika mwezi mwili unashika maji, uzito unapanda kilo nzima bila tone la mafuta.

Tumeamua: kupima ni asubuhi mapema, kabla ya kula na kunywa, kabla ya kutoka, mara moja kwa wiki. Asilimia ya mafuta tunaiandika lakini hatuitegemei. Kinachotegemewa ni tepu, kwa kuwa mafuta tunayoyahofia zaidi ni yale ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na matumbo, na hayo kiuno hukusemea kuliko mizani.

Mfungo Pili, tarehe 22

Maji mafu, mchanga mgumu, upepo wa kusi umelala. Tumepima awamu ya kwanza.

Mimi, niliyekwenda mwendo wa kadiri: kilo 77.5, kiuno 94.5, mapigo ya kupumzika 77, kilomita mbili dakika 20 na sekunde 15.

Wifi, wa vipande: kilo 70.3, kiuno 86, mapigo ya kupumzika 69, kilomita mbili dakika 16 na sekunde 45.

Alipovuka mstari tuliouchora mchangani alipiga kigelegele peke yake, alfajiri ile, na mimi nyuma yake nikiwa bado mbali nikaitikia.

Nimefanya hesabu ya uzito wangu. Kwa mtu wa kilo 78, dakika 45 za kutembea kwa haraka ni kama kilokalori 250. Toa zile ambazo mwili ungetumia hata ningekaa kitako, zinabaki kama 190. Mara siku tano, mara wiki sita: 5,700. Kilo moja ya mafuta ya mwili inabeba takriban kilokalori 7,700, kwa hiyo nilistahili kupoteza kama robo tatu ya kilo. Nimepoteza 900 gramu. Tofauti ya gramu mia na kitu ni maji au glasi moja ya chai; sitajisumbua nayo. Wanaoahidi kilo tano kwa mwezi kwa kutembea peke yake wangefanya hesabu hii kwanza.

Sisi ni wawili, na watu wawili hawathibitishi kitu. Lakini tulichokiona kinafanana na tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa 2017 kuhusu watu wenye uzito uliozidi: vipande vya kasi na mwendo wa kadiri vilipunguza mafuta na kiuno kwa kiasi kinacholingana, ila vipande vilichukua muda pungufu kwa kama asilimia 40. Kwa mafuta, sare. Kwa muda, vipande vimeshinda. Na kwa pumzi, tazama dakika za wifi.

Mfungo Pili, tarehe 26

Tumebadilishana leo. Wifi amefurahi. Mimi nina hofu.

Mfungo Tatu, tarehe 6

Siku ya tano ya vipande. Nataka kuandika jinsi inavyokuwa, kwa sababu kwenye karatasi "dakika nne za kasi" inaonekana jambo dogo.

Dakika ya kwanza unajidanganya kwamba ni rahisi. Ya pili pumzi inaanza kuja kwa juu, kifuani, na buibui linaanza kuwa zito mabegani. Ya tatu ndiyo mbaya. Miguu inawaka, na akili yote inakwenda kwenye saa. Ya nne ni mate makavu na nia. Kisha dakika tatu za kutembea, na unashangaa moyo ulivyo mwepesi wa kushuka: 162, halafu 140, halafu 122. Mwanzoni ulikuwa haushuki chini ya 135 kabla kipande kingine hakijaanza. Kushuka huko kunanipa moyo kuliko mizani yoyote.

Makosa yangu: siku mbili za kwanza nilitoka kwa nguvu zote kwenye kipande cha kwanza, na cha tatu sikukimaliza. Wifi ndiye aliyenirekebisha. "Wifi, cha kwanza kiache kikutamanishe." Sasa navianza vyote kwa mwendo ninaoweza kuurudia kwenye cha nne.

Sikimbii kila kipande. Vingine natembea kwa kasi juu ya mchanga mlaini, mikono ikifanya kazi, na mapigo yanafika 160 vile vile. Magoti yangu yananishukuru. Hapa mchanga wa bamvua, ule uliotutoa machozi, umegeuka kuwa rafiki.

Vijana wawili wanaofanya mazoezi ya mpira walituambia tupande vilima vya mchanga, ndiko kwenye zoezi la kweli. Tumekataa, na nitawakatalia wengine pia. Vilima vile ndivyo vinavyoshika maji ya mvua chini yake, na visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Majani yanayoushikilia mchanga yakikanyagwa kila siku, upepo wa kusi hautangoja. Ufuko ni mrefu kilomita 12, unatutosha.

Mfungo Tatu, tarehe 13

Idd imepita. Pilau, nyama, visheti, halua, wageni kutoka Pate na Faza. Siku tano bila zoezi na bila majuto. Wiki hii nimeiandika kama ilivyo.

Mfungo Tatu, tarehe 24

Jambo ambalo halikuwamo kwenye mpango wetu: njaa.

Siku za vipande, saa moja baada ya kurudi, sina hamu ya kula hata kidogo. Lakini ikifika saa 10 jioni nakula mahamri na mbaazi kama mtu aliyetoka baharini. Wifi anasema naye alikuwa hivyo, ila hakutaka kuniambia ili asiniharibie kipimo. Siku za mwendo wa kadiri njaa ilikuwa ya kawaida tu. Pia nimejikuta siku za vipande naketi zaidi mchana: namtuma mtoto dukani, napanda punda kwenda shambani mahali ambapo ningetembea.

Hili linaeleza kwa nini watu hukimbia sana na uzito usitoke. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wahadza, jirani zetu wa Tanzania kando ya Ziwa Eyasi, wanaowinda, kuchimba mizizi na kutembea kila siku. Walikuta nguvu ambazo Mhadza anazitumia kwa siku nzima, ukizingatia ukubwa wa mwili wake, hazizidi za watu wa mijini Marekani na Ulaya. Mwili unapotumia sana upande mmoja, hubana matumizi upande mwingine. Zoezi lina faida nyingi mno, lakini ukilitegemea peke yake liondoe tumbo huku sahani inajaa kila jioni, unapiga makasia na nanga iko chini.

Kwa hiyo nimebadilisha kitu kimoja, na nakiandika waziwazi kwa kuwa kinaingilia kipimo: chakula cha jioni siku za vipande nimekileta mbele, samaki na mboga kwanza, mahamri baadaye, mawili. Sijiwekei njaa. Najiwekea mpangilio.

Mfungo Nne, tarehe 8

Tumepima leo kwa kuwa kesho na kesho kutwa tunafunga Tasua na Ashura. Maji mafu, kusi linavuma kutoka mbele tukienda, linatusukuma tukirudi.

Mimi, baada ya vipande: kilo 76.8, kiuno 92, mapigo ya kupumzika 70, kilomita mbili dakika 17 na sekunde 30. Presha 128 kwa 82.

Wifi, baada ya mwendo wa kadiri: kilo 69.8, kiuno 84.5, mapigo 70, dakika 17 kamili.

Kiuno changu kilipungua sentimita 2.5 awamu ya kwanza na 2.5 ya pili, na awamu ya pili ilikuwa na Idd ndani yake na chakula kilichopangwa upya. Wifi 2, kisha 1.5. Kwa mafuta, hatukuona mshindi. Kwa moyo na pumzi, vipande vilinipa dakika karibu tatu kwenye kilomita mbili. Mwendo wa kadiri ulikuwa umenipa dakika moja na nusu. Na wifi, alipoacha vipande, mwendo wa kadiri ulimlindia karibu yote aliyoyapata.

Kuna utafiti mmoja nimeuweka mwisho kwa sababu unamgusa mavyaa na unatugusa sisi. Ulifanywa Kanada, ukachapishwa 2015: watu wazima 300 wenye matumbo makubwa, wiki 24, wengine zoezi dogo la pole, wengine zoezi kubwa la pole, wengine zoezi kubwa la nguvu. Viuno vilipungua kwa kiasi cha sentimita 4 hadi 5 kwenye makundi yote matatu. Lakini sukari ya damu saa mbili baada ya kunywa glukosi iliboreka kwa wale wa zoezi la nguvu peke yao. Ukitazama kiuno tu, unasema ukali hauna maana. Ukitazama damu, una maana kubwa, na sisi hatukuanza haya kwa ajili ya kiuno tu.

Mfungo Nne, tarehe 12

Mpango mpya tumeuandika jana usiku, mavyaa akiwa katikati yetu na kalenda ya miezi mapajani.

Bamvua, mchanga ukiwa mlaini na ufuko mwembamba: vipande, siku mbili kwa wiki, vifupi, kwa hatua za haraka zaidi kuliko mbio. Maji mafu: mwendo wa kadiri, mrefu, dakika 45 hadi saa nzima, siku tatu. Tukichanganya hivyo tunaingia vizuri ndani ya kile Shirika la Afya Duniani linachokitaka, dakika 150 hadi 300 za kadiri au 75 hadi 150 za nguvu kwa wiki.

Na kitu tulichokisahau kabisa kwa wiki kumi na tatu: misuli. Kutembea na kukimbia kunapunguza mafuta lakini hakujengi misuli ya kutosha, na mtu anapopungua uzito, sehemu ya kinachotoka ni misuli. Shirika hilo hilo linataka siku mbili za kuimarisha misuli kila wiki, nasi hatukuwa na hata moja. Hatuna vyuma, lakini nyumba ina madumu. Madumu mawili ya lita tano yakijaa maji ni kilo kumi; tutachuchumaa nayo na kuyainua, kwenye ua, Jumatatu na Alhamisi baada ya Asri.

Mavyaa amesema naye anataka. Daktari wake amemruhusu kutembea kwa viatu vilivyofunikwa, mahali pasipo na mawe, na tukague nyayo zake kila akirudi. Keshokutwa mwezi utakuwa mpevu, kwa hiyo ufukweni hapamfai wiki hii. Tutaanza naye tarehe 22, mchanga ukiwa mgumu. Amekwisha kumtuma mjukuu amtafutie fimbo.